Jirekodi video uone unavyoongea na watu: mwongozo kamili wa mtu aliyeambiwa anaongea kama askari

Kazi yangu ni kliaringi, yaani kushughulikia karatasi za mizigo forodhani, niko hapa Mutukula mpakani na Tanzania, na kutwa nzima ni kuongea na madereva wa malori, wenye mizigo, watu wa forodha, mama wa chai, yaani mdomo ndio jembe langu. Sasa miaka kama mitatu iliyopita akaja dereva mmoja wa Tanga, mzee wa heshima zake, mimi nikamwambia "lete karatasi, simama hapo, ngoja." Akaniangalia polepole akasema, "Mwanangu, mbona waniongelesha kama askari wa kizuizini, nimekukosea nini?" Nikacheka nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Mimi nimekulia Busia, Kiswahili changu nimekiokota sokoni na kwa maafande waliokuwa wamepanga jirani yetu, na nyinyi wa Uganda mnajua Kiswahili chetu kimepitia wapi. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, kikakaa jeshini na polisi, ndio maana mpaka leo kuna wazee Kampala wakisikia Kiswahili wanashika mifuko yao. 2005 kikaingizwa kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili lakini "naomba" haikuja pamoja na katiba banange, hiyo unajifunza mwenyewe. Kilichoniuma sio maneno ya mzee, kilichoniuma ni kwamba mimi nilikuwa najiona mpole. Kabisa. Ungeniuliza siku hiyo ningekuapia kwamba madereva wananipenda.

Basi nikaanza kujirekodi video. Wiki ya kwanza nilitaka kuvunja simu. Lakini naweza kusema hakuna kitu kimenisaidia zaidi kwenye mambo ya kukaa na watu, kwa hiyo naweka hapa namna ninavyofanya, na makosa yangu humo humo.

KWANZA UJUE KWA NINI UTAJICHUKIA

Utabonyeza plei, utasikia sauti, utasema huyu sio mimi. Ni wewe. Ukiongea unajisikia kwa njia mbili, sauti inayopita hewani na ile inayopita kwenye mifupa ya kichwa, hiyo ya mifupa inaongeza besi, sasa simu inanasa ya hewani peke yake ndio unajiona una kasauti ka mtoto. Wenzako wamekusikia hivyo hivyo miaka yote na hawajakukimbia.

Sura nayo. Wewe unajijua kwa kioo, kioo kinageuza kulia kushoto, video ikikuonyesha sawasawa unaona kama uso umepinda. Kuna utafiti wa Marekani wa 1977, wa Mita, Dermer na Knight, watu walionyeshwa picha zao, wengi wakapenda ile iliyogeuzwa kama kwenye kioo, alafu marafiki zao wakapenda ile ya kawaida. Tumezoea tofauti, basi. Na ukishika simu karibu na uso kama unapiga selfi, pua inavimba. Mwaka 2018 madaktari walipiga hesabu wakakuta kwa umbali wa sentimita 30 pua inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Kwa hiyo ukijiona mbaya usikimbilie kufuta, robo tatu ya hicho unachochukia ni kamera, sio tabia yako, na sisi hapa tunatafuta tabia.

CHAGUA KITU KIMOJA

Usiseme "nataka niwe mtu wa watu." Hiyo huwezi kuiona kwenye video. Sema kitu ambacho hata mtoto akikaa pembeni anaweza kukihesabu: nakatiza watu mara ngapi, nasema "yaani" mara ngapi, namsalimia mtu nikiangalia wapi, nikiulizwa swali najibu kwa neno moja au naendelea. Mimi yangu ya kwanza ilikuwa amri, yaani mara ngapi naanza sentensi na lete, nipe, njoo, ngoja.

Kama hujui shida yako iko wapi, fikiria mahali ambapo huwa unatoka unajilaumu. Wengine ni intavyuu, wengine ni kusimama kwenye kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwao, kusema maneno mawili mbele ya wazee wa upande wa pili, mwingine ni kumwambia tu konda "sijapewa chenji yangu." Hiyo hiyo ndio utaifanyia kazi.

SIMU UNAIPANGA HIVI

Huhitaji simu kubwa. Weka mita moja na nusu mpaka mbili kutoka ulipokaa, usawa wa macho yako. Stendi sio lazima, mimi nilitumia kreti ya soda juu ya meza na simu nimeiegemeza kwenye kopo la Blue Band. Ikiwekwa chini inakupiga mdomo na matundu ya pua, utajiona unawadharau watu kumbe ni simu imelala chini.

Mwanga uwe mbele yako, dirisha likiwa nyuma unakuwa kivuli kinachoongea. Saa za jioni kabla umeme haujaanza mchezo wake ni nzuri. Kamera ya nyuma ina picha nzuri zaidi na faida yake kubwa ni kwamba hujioni, kwa sababu ukitumia ya mbele utakuwa unajichungulia kila sekunde na utarekodi mtu anayejichungulia. Ukilazimika kutumia ya mbele bandika karatasi kwenye kioo cha simu.

Ingia setingi ushushe ubora wa video mpaka 720, usiache 1080, maana dakika moja ya 1080 inaweza kula megabaiti mia na kupita, na wewe unataka dakika 20. Uso na mikono vinaonekana vizuri tu. Zima mtandao, weka kwenye hali ya ndege, kuna siku nimerekodi mazungumzo mazuri hayajawahi kutokea, akapiga mtu wa bando, rekodi ikakatika dakika ya tatu. Kelele za boda na za jenereta usizipuuze pia, kaa ndani, funga mlango, na kama una eafoni zenye maiki jaribu hizo.

REKODI YA KWANZA NI YA KUTUPA

Kaa mwenyewe, ongea dakika tano, simulia tu siku yako ilivyokwenda kama unamsimulia ndugu yako. Alafu iangalie mara moja, cheka, chukia, funika uso na mto, fanya unavyotaka, ufute. Kesho tena. Siku ya tatu utakuta umeizoea ile sauti, na hapo ndio kazi inaanza. Watu wengi wanaachia siku ya kwanza, wanasema hii kitu inanipa stresi, ni kama mtu aliyeonja chai ya moto akasema chai ni mbaya.

Lakini usibaki hapo kwenye kuongea peke yako! Nimeona vijana wanajirekodi miezi wanahutubia ukuta, wanakuwa wazuri sana wa kuhutubia ukuta. Mazungumzo yana mtu wa pili, na kazi yenyewe iko katikati yenu wawili.

MTU WA KUREKODI NAYE, NA RUHUSA

Tafuta mtu anayekupenda kiasi cha kukuvumilia. Mimi nilimchukua binamu yangu anayeuza nguo za mitumba, nikamwambia wazi: "Binamu, nataka nijirekodi tukipiga stori nione ninavyokosea, video ni yangu, haitoki kwenye simu hii, ukitaka nifute nafuta mbele yako." Akasema kale, yaani sawa, lakini utaninunulia rolex ya mayai mawili, ile chapati ya kuviringishwa na mayai. Bei ya haki.

Usirekodi mtu bila kumwambia. Usifiche simu kwenye mfuko wa shati ukaenda kurekodi wateja au bosi wako au msichana unayemtongoza. Uganda tuna sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, lakini hata ingekuwa haipo, siku mtu akigundua ulimrekodi kwa siri ile heshima uliyokuwa unaitafuta imekwenda na maji. Watoto wa watu wengine pia wasiingie kwenye picha.

Ujanja niliojifunza: mpeane kazi ya mikono. Sisi tulikuwa tunachambua karanga. Watu wawili wakikaa wanaangaliana na simu iko pale wanaanza kuigiza kama tamthilia za Kinigeria, lakini mikono ikishika kazi, baada ya muda mnaisahau simu. Rekodi dakika 20 au 25, alafu zile kumi za kwanza usizihesabu, hizo ulikuwa umevaa suti.

Kama shida yako ni ya mahali maalum basi mwenzako awe mtu wa mahali hapo. Binamu alicheza dereva, nikampa maneno: una lori la saruji, umelala barabarani siku mbili, karatasi moja haipo, umechoka. Alicheza vizuri kupita kiasi mpaka akanitukana.

KABLA YA PLEI, ANDIKA

Hii ndio hatua ambayo watu wanairuka na ndio yenye dawa yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua daftari, kabla hujaangalia hata sekunde moja, andika unadhani utaona nini. Usiandike "nilikuwa ovyo." Andika kwa namba na kwa mifano: nilitetemeka, kumi juu ya kumi mikono inaonekana inatetemeka. Nilinyamaza kama dakika nzima. Nilikuwa mwekundu, au kwa sisi weusi, jasho lilikuwa linang'aa usoni. Nilimkatiza mara mbili. Niliongea kwa upole, nane juu ya kumi. Funga daftari. Lala. Kesho angalia video kana kwamba unamwangalia jirani ambaye humjui vizuri, alafu linganisha.

Sababu ni hii. Mtu mwenye aibu hajioni, anajihisi. Moyo unapiga, tumbo linazunguka, basi kichwani anajichorea picha ya mtu anayetetemeka na anaamini wote wanaiona hiyo picha. Wanasaikolojia Clark na Wells walilieleza hilo mwaka 1995, na huko Uingereza Clark na wenzake wakaja kutumia video kwa kuwatibu watu wenye woga mkali wa watu, wakakuta kuonyeshwa video tu hakutoshi, mtu akianza kwa kutabiri kwa undani atakachoona ndio video inamfungua macho zaidi. Ukiangalia bila kutabiri, kichwa kinapindisha kila kitu kifanane na ulichokuwa unaamini tangu mwanzo.

Kuna na utafiti wa Gilovich na wenzake wa Marekani, 2000, walimvalisha mwanafunzi fulana yenye sura ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kwa vijana wa pale ilikuwa aibu tupu, wakamwingiza kwenye chumba cha wenzake. Yeye akadhani karibu nusu yao wameiona. Walioiona kweli ni kama robo tu.

Daftari langu la mara ya kwanza ninalo bado. Niliandika: "kunyamaza, karibu dakika nzima, aibu." Nikapima kwenye video: sekunde nne. Nilikuwa nimebeba dakika nzima ya aibu kwa ajili ya sekunde nne za binamu akitafuna karanga. Alafu chini yake nilikuwa nimeandika "upole, 8." Nikahesabu amri: nipe, lete, ngoja, sikiliza, mara 17 ndani ya dakika kumi na mbili. Naomba, hakuna. Tafadhali, hakuna. Asante moja, na hiyo nilimwambia mtoto aliyeleta chai.

Unaona sasa? Nilichokiogopa hakikuwepo, na kilichokuwepo sikukijua kabisa. Sijawahi kuangalia video yangu ambayo haikunikuta hivyo, upande mmoja unapumua upande mwingine unachomwa.

KUIANGALIA: MARA TATU, KILA MARA KITU CHAKE

Mara ya kwanza zima sauti. Angalia mwili tu. Mwenzako anapoongea wewe uko wapi? Mimi nilikuwa kwenye karatasi, kila binamu akianza kueleza tatizo lake mimi nainamisha kichwa kwenye fomu, tena kalamu inatikisika kama namwambia malizia. Bila sauti inaonekana wazi kama mchana. Angalia pia uso wake yeye, sio wako tu, tafuta pale anaporudi nyuma kwenye kiti au anapoacha kucheka, simamisha hapo, rudisha sekunde kumi uone wewe ulifanya nini kabla. Hiyo rudisha-sekunde-kumi ina thamani kuliko kila kitu kingine kwenye ukurasa huu.

Mara ya pili lalisha simu kifudifudi, sikiliza tu. Hapa unasikia kasi, unasikia sauti inavyopanda, unasikia "unajua... unajua... yaani." Na unasikia kukatiza. Watafiti waliwahi kupima lugha kumi za mabara mbalimbali, ikachapishwa 2009, wakakuta kati ya mtu mmoja kumaliza na mwingine kuanza kujibu kwa kawaida inapita kama sehemu ya tano ya sekunde. Ni kidogo sana, kwa hiyo usijilazimishe kukaa sekunde tatu kila mara kama baadhi ya walimu wa mtandaoni wanavyosema, utaonekana umesikia habari ya msiba. Hesabu tu pale ambapo yeye hajamaliza wazo na wewe umeshaingia.

Lakini tofautisha! "Ee", "mm", "kweli", "banange" katikati ya maneno ya mtu sio kukatiza, hizo kwetu ni kumshika mkono aendelee. Salamu ya Kiganda yenyewe inaisha kwa kuitikiana mm, mm, mm, ukinyamaza hapo wewe ndio mkorofi. Ninachozungumzia ni lile la kummalizia mtu sentensi yake. Dereva anasema "sasa lile gari limekwama pale kwa..." mimi "kwa mizani, najua, endelea." Kumbe alitaka kusema kwa fundi.

Mara ya tatu weka vyote, na sasa hesabu kile kitu kimoja ulichokichagua, vijiti kwenye daftari kama unahesabu magunia. Ukiona makosa mengine kumi, na utayaona, yaandike ukurasa wa nyuma uyaache huko. Mimi nilijaribu kurekebisha amri, macho, mikono na kasi kwa wiki moja, nikawa naongea kama mtu anayetembea juu ya mayai, mama wa chai akaniuliza kama nina malaria.

MACHO NA MIKONO, HAPA NI KWETU

Ukitafuta ushauri mtandaoni utaambiwa mwangalie mtu machoni, simama wima, toa mkono kwa nguvu, sijui nini. Na utaambiwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni 7 tu. Hiyo namba inatoka kwa mwanasaikolojia Mehrabian mwaka 1967, alikuwa anapima kitu kidogo, mtu akisema neno la hisia alafu uso na sauti vinapingana na neno lenyewe, yeye mwenyewe alisema haihusu mazungumzo yote. Ingekuwa kweli mimi ningeelewana na Wachina wa barabara bila mkalimani.

Kwa hiyo video yako usiipime kwa kipimo cha sinema. Binti anayepiga magoti kumsalimia mjomba wake Masaka na macho ameyashusha hajakosa kujiamini, amelelewa. Kijana akimkazia macho mzee wa Kitooro bila hata kumwita kwa empaako yake, lile jina lao la heshima, huyo ndio amekosea, hata kama amesimama wima kama nguzo ya umeme. Alafu huyo huyo binti akienda intavyuu kwenye ofisi ya shirika, macho chini wanamwona anaficha kitu. Basi rekodi zako zipe majina: hii ni ya mzee, hii ni ya ofisini, hii ni ya vijana wenzangu. Mimi nina na za lugha, kwa sababu nikiongea Luganda nainama na nasema ssebo, yaani bwana, kila baada ya maneno matano, nikigeukia Kiswahili kifua kinatoka mbele chenyewe. Mtu yule yule, dakika ile ile! Nisingeliamini bila kuliona. Kama unaongea lugha tatu kama wengi wetu hapa, jirekodi kwa zote, uone ni ipi iliyokulea vizuri, uibe kutoka kwake.

Mkono nao, wenzetu hapa mtu akikushika mkono anakaa nao, mnaongea mmeshikana. Kwenye video nikajiona natoa mkono wangu haraka haraka kama nimeshika sufuria ya moto. Kitu kidogo, lakini mzee anakihisi.

MPE MTU MWINGINE AANGALIE

Mtu mmoja, sio grupu la WhatsApp. Na usimuulize "naonekanaje", atakwambia uko poa. Muulize hivi: "Ungekuwa wewe ndio unaongea na mimi, ni wapi ungetaka kuondoka?" na "ni wapi ungetaka kukaa?" Anyooshe kidole, wewe uandike dakika na sekunde.

Mimi nilimpelekea shangazi yangu Busia, maana kwetu shangazi ndio mwenye leseni ya kukuambia ukweli. Akavaa miwani, akaangalia dakika sita bila kusema kitu, maandazi yake yanaungua jikoni. Mwishoni akasema, "Wewe unacheka kabla mtu hajamaliza kusema. Baba yako alikuwa hivyo hivyo, watu walikuwa wanadhani anawacheka." Nilikuwa nimeangalia hiyo video mara nane na sikuwahi kukiona hicho kicheko.

RUDIA PAPO HAPO

Ukishaona kosa usiseme nitabadilika. Rudia ile ile dakika. Mwambie mwenzako turudi pale pa karatasi, yeye aseme maneno yale yale, wewe useme mapya, simu inarekodi. Kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, tangu 1963 walimu wanafunzi walikuwa wanafunzwa kwa namna hii, unafundisha kipande kifupi, unarekodiwa, mnaangalia, unakosolewa, unafundisha tena kile kile. Nguvu iko kwenye hilo "tena."

Maneno mapya yaandike kabla. Mimi "lete karatasi" niliigeuza "shikamoo mzee, pole na safari, naomba karatasi zako tuanze." Mara ya kwanza nilivyosema nilisikika kama tangazo la redio. Mara ya tano bado. Kama mara ya kumi hivi ikaanza kukaa mdomoni, na binamu akaacha kucheka.

Alafu fanya hivi: ukipata sekunde hata 40 ambazo ulifanya vizuri, zikate, ziweke pembeni, ungeunge na nyingine mpaka upate video ya dakika moja au mbili ya wewe ukiwa mzuri. Iangalie asubuhi kabla ya kutoka. Mtu mmoja anaitwa Peter Dowrick alifanyia kazi jambo hili miaka mingi, kumwonyesha mtu picha zake mwenyewe akifaulu, hata kama kufaulu kwenyewe kumeungwa kwa vipande, badala ya kumwonyesha makosa kila siku. Programu za kukatia video ziko bure kwenye simu. Yangu ina dakika moja na sekunde kumi, naiangalia nikiwa kwenye boda naenda kazini, spika nimezima maana yule wa boda ataniuliza.

Na siku hiyo hiyo jaribu kwa mtu mmoja halisi, bila kamera. Mmoja tu. Jioni andika mstari mmoja, alijibu nini.

MARA NGAPI, NA LINI UACHE

Mimi narekodi mara moja kwa wiki, kwa kawaida Jumapili, na naangalia Jumatatu. Ikizidi mara mbili kwa wiki unaanza kuishi ukijitazama, uko na mtu mezani lakini kichwani unajiona kwa juu kama droni, na hapo umerudi kule kule tulikotoka. Kitu kimoja kikae wiki tatu au nne kabla hujachukua kingine.

Video ukishaandika namba zake zifute, bakiza ile ya kwanza kabisa na zile vipande vizuri. Angalia kwamba hazipandi zenyewe kwenye akaunti ya picha mtandaoni, na kumbuka kuna folda ya vilivyofutwa, vinakaa humo siku kadhaa, ingia ufute na humo pia. Simu ikienda kwa fundi zitoe kabla. Nimesema.

Na kama kila ukijiona unashinda siku nzima umejifungia, hulali, unarudia rudia ile sekunde moja, acha simu kabisa. Hiyo sio kazi ya video, tafuta mtu wa ushauri nasaha, hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na kwenda huko sio kwamba umerukwa na akili.

Mimi amri zimeshuka, rekodi ya mwezi uliopita zilikuwa tatu kwa dakika ishirini, na mbili kati ya hizo amri nilikuwa namfukuza kuku. Saa hii niko kwenye kicheko cha baba, nimejaribu kufunga mdomo nikaonekana nimenuna, nimejaribu kusubiri mtu amalize ndio nicheke ikatoka kama kikohozi. Jumapili binamu anakuja na karanga, tutajaribu tena.